Firenze Alilipa Kimya, Moshi Akaomba Punguzo

Kuna dada mmoja wa Dar, jina kapuni, ambaye wengi mnamfuatilia Insta kwa ajili ya nywele zake na safari zake. Siku moja akaibukia Italia, mji wa Firenze. Hakutaka kujipanga na lile kundi la watu arobaini wanaomfuata mtu mwenye mwavuli. Akajilipia mwongozaji wa kwake peke yake, saa tatu ndani ya jumba la Uffizi. Bei ilikuwa ya kukohoa, ila hakuuliza kama inapungua. Akaposti picha kumi mbele ya Venus wa Botticelli na kuandika kwamba kutembea bila mtu wa kukueleza ni sawa na kuangalia muvi bila sauti.

Hapo alisema kweli. Mwongozaji wake alimwambia kwamba jumba lile lilianza kujengwa mwaka 1560 kama ofisi tu, na Uffizi maana yake ndiyo hiyo hiyo, ofisi. Akamsimulia pia habari za Anna Maria Luisa, wa mwisho katika ukoo wa Medici, aliyeweka mkataba mwaka 1737 kwamba hazina za sanaa za familia yake zisitoke Firenze. Ndiyo maana mpaka leo ukimtaka Venus unamfuata kwake. Dada alitoka pale ameiva.

Desemba ikafika. Mnaijua ile Desemba, Wachaga wanapanda, Dar inabaki nyeupe, tiketi za basi zinatafutwa kwa tochi. Dada wetu ni wa Marangu upande wa baba. Marangu anayoijua ni nyumba ya bibi, nyama, soda, picha ya familia nje ya migomba, halafu kurudi mjini. Kichaga chake kinaishia kwenye "shimboni". Safari hii alikuja na marafiki wawili waliotaka kuona "mambo ya utamaduni", hivyo wakatafuta mwongozaji binafsi Moshi mjini.

Kijana waliyempata alianza kama mgumu, maana ndivyo wapagazi wa mlimani wanavyoitwa huku. Alibeba mizigo ya watu kwa misimu kadhaa, magoti yakaanza kulalamika, akahamia kwenye tua za vijijini. Akataja bei ya siku nzima, gari na chakula ndani. Haikufika nusu ya zile saa tatu za Firenze.

"Kaka, mbona unatupa bei ya mzungu? Sisi wenyeji bwana."

Huo wimbo kijana kashauzoea. Akacheka, akajibu, "Sawa dada yangu. Kama ni mwenyeji, Mangi Meli alinyongewa wapi?"

Kimya. Akawapunguzia kidogo kwa sababu ya sikukuu, wakaondoka.

Kituo cha kwanza kilikuwa Old Moshi, chini ya mti ambao wenyeji wanauonyesha kwamba ndipo Meli aliponyongwa tarehe 2 Machi 1900, yeye na viongozi wengine wa huku. Huyu ndiye Mangi ambaye watu wake waliwapiga Wajerumani mwaka 1892. Wajerumani wakarudi na nguvu zaidi, na mwisho wake ukawa kamba. Kijana hakupandisha sauti wala kuigiza. Alisema tu kwamba baada ya kunyongwa, inaaminika kichwa cha Meli kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, na familia imekitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 vipimo vya DNA vilipata ndugu walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Kilimanjaro, likiwemo la mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halijaonekana.

Rafiki mmoja alikuwa keshatoa simu ili apige selfi. Akairudisha kwenye mkoba.

Dada ndiye aliyeuliza, polepole, "Yaani hata kichwa hawakuacha?" Akawasimulia habari za yule mama wa Firenze na mkataba wake. Kijana alikuwa hajawahi kuisikia hiyo. Akamwomba airudie, akaandika jina kwenye simu. Kwa hiyo hapo katikati ya tua, mteja naye akawa anafundisha, jambo ambalo kwenye makundi ya watu arobaini halitokei.

Marangu waliingia kwenye mahandaki ambamo Wachaga walijificha wakati wa vita, wameinama mpaka viuno vikauma. Tope, giza, kelele za kutosha. Picha zilipigwa nyingi, tusizichelewe. Walipotoka, wakapita kwenye mfongo mkavu katikati ya vihamba. Kijana akaeleza jinsi maji yalivyoletwa kutoka mtoni kwa mitaro ya kuchimba kwa mikono, na jinsi kila nyumba ilivyokuwa na zamu yake. Halafu akamuuliza dada huu ulichimbwa na ukoo gani.

"Mimi nitajuaje?"

"Si umesema bibi yako anakaa hapo juu?"

Jioni hiyo dada alimuuliza bibi. Kwanza bibi alitaka kujua kijana kalipwa shilingi ngapi. Alipotajiwa, aliguna, akasema kwa hela hiyo angewatembeza mwezi mzima, tena akiwa amekaa. Kisha akaanza. Nani aliiba maji ya zamu ya nani, fitina ilivyofika kwa wazee, mbege iliyopikwa ili kuisuluhisha, jani la sale lililopelekwa kuomba msamaha. Baba wa dada, aliyekuwa anaangalia mpira ndani, akapunguza sauti ya tivii. Kumbe naye alikuwa hajui. Yule mwizi wa maji alikuwa babu yake mzaa baba.

Hiyo haikupostiwa. Zilizopostiwa ni picha za handaki, na namba ya kijana ikawekwa chini yake. Tangu hapo simu za Dar zinamwita, nyingi zikianza na neno punguzo.

Januari akamtumia dada ujumbe kuuliza kama anaweza kuleta wageni wawili wawili wakakae na bibi kwa saa moja, kwa malipo. Bibi ameuliza watakuwa wanaongea lugha gani, na kama hela inatolewa kabla au baada. Bado hawajaelewana.