Vishimo Viwili Mdomoni

Mwanangu wa kwanza alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, na kaakaa nalo lina uwazi. Kunyonya hakuweza, maziwa yalimtoka puani. Nilikuwa nakamua, nampakata wima, namnywesha kwa kijiko, tone kwa tone, mpaka mgongo unakufa ganzi. Huku nyuma mama mkwe alishapata sababu: mimba ikiwa na miezi saba nilichinja kuku. Kisu kile, alisema, ndicho kilichomkata mtoto.

Jibu lilitoka kliniki, tena kwa kutazamwa mimi. Daktari aliumulika mdomo wangu wa chini. Kuna vishimo viwili pale, kulia na kushoto, vidogo kama tundu la hereni, hutoa mate kidogo. Baba anavyo. Nyumbani tunaviita alama ya ukoo. "Kwenu kuna anayeongea puani?" akauliza. Yupo shangazi. Tangu utotoni tulikuwa tukimwigiza, na yeye mwenyewe akicheka.

Kumbe ni hali moja, inayoitwa Van der Woude. Mara nyingi hutokana na hitilafu kwenye jeni ya IRF6, iliyotambuliwa mwaka 2002. Ukiwa nayo, kila mimba ni nusu kwa nusu: mtoto aichukue au asiichukue. Ajabu yake ni kwamba mmoja hutoka na vishimo tu, mwingine kaakaa, mwingine vyote, na wote ni wa tumbo moja. Watoto wengi wenye mdomo uliopasuka hawana hali hii. Kwao jeni nyingi huchangia kila moja kidogo, pamoja na mambo kama sigara, kisukari cha mama au baadhi ya dawa za kifafa, na mdogo wao ana uwezekano wa kama 4 kwa 100 tu. Halafu, mdomo huwa umeshaungana kufikia wiki ya 7 au 8 ya mimba. Kuku wa mwezi wa saba hana kesi.

Nikadhani yamekwisha. Mume wangu aliposimulia, mama mkwe akasema, "Kumbe ni kwao." Lawama ilitoka kwenye kisu ikahamia kwenye damu. Siku hiyo nilichoka kujitetea. Nikamwambia, "Ndiyo mama, ni kwetu. Baba kanirithisha hivi vishimo na huu urefu, na vyote sikumwomba." Hakujibu, lakini siku ya upasuaji alikuja na chupa ya uji, tukakesha naye wodini.

Sasa nina mimba ya pili. Vidonge vya foliki nameza kama mjamzito yeyote, ingawa najua havifuti jeni. Kijiko kipo tayari.

Mwezi uliopita mdogo wangu, naye mwenye vishimo, aliletewa posa. Kabla ya mengine yote baba aliwaeleza wageni habari nzima, akawaonyesha na mdomo wake. Wakatazamana. Kisha mshenga akakohoa, akauliza mahari ni kiasi gani.