Waridi la Singo: Tulivyojifunza Kulitambua

Tulikaa kimya kwa aibu, tuseme kweli. Singo tuliyomtengenezea mwari mmoja Mfunguo Pili ilimwasha mwili mzima, siku tatu kabla ya harusi. Somo wake alitupigia simu usiku. Pesa tulirudisha, lakini mtoto wa watu alikuwa keshavimba uso.

Mawaridi tuliyanunua makavu, mekundu sana, yananukia kupita kiasi. Tulipoyaloweka kwenye bakuli jeupe (tungefanya mapema!) maji yakachuja rangi kama khanga mpya.

Sasa tuna mwari mwengine. Shangazi yake anakaa Oman, katuletea mfuko wa mawaridi ya Jabal Akhdar na picha za mti wenyewe. Sisi mafundi cherehani, si mabwana shamba, ila safari hii tuliyakagua moja moja kama tunavyokagua mshono.

Hili ndilo waridi la Damascus, Rosa damascena. Ni chotara wa zamani mno. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walichunguza vinasaba vyake wakakuta ametokana na mawaridi matatu tofauti. Rangi yake ni waridi mpauko, si nyekundu ya damu. Petali ni laini kama shifoni, na katika aina inayokamuliwa sana hufika kama 30. Vile vijani vinavyoshika ua hujikunja nyuma likifunguka. Jani moja lina vijani vitano au saba, na miiba imepinda, mikubwa kwa midogo. Tunda lake ni refurefu. Ukiletewa la mviringo kama zabibu, uliza.

Kule mlimani, karibu mita 2,000 juu, huchanua wiki chache tu, zaidi Aprili. Huchumwa jua halijawa kali, kisha hupikwa kwenye majiko ya udongo, ndiyo maana marashi yake ya kienyeji yana harufu ya moshi. Na sisi miaka yote tukidhani marashi ya bibi kwenye mrashi yameharibika! Tulishamwaga chupa nzima, Allah atusamehe.

Hata hivyo hatukutwanga. Jana usiku tulimpaka mwari kidogo ndani ya mkono, tukamwambia alale nayo. Asubuhi hii somo wake katuma ujumbe: ngozi haina kitu, twangeni.