Jenereta Ndogo Hainywi kwa Kukisia

Sisi walimu wa kujitolea wa masomo ya jioni tumeona mwezi huu tuongee juu ya kitu ambacho mnakisikia kila siku jua likizama, lakini ni wachache wanaokijua ndani. Ni jenereta ndogo, au grupu kama wazee wetu waliotoka Kongo wanavyoiita. Ni ile ya kubebwa na mtu mmoja, ya wati 650 hivi. Iko kwa kinyozi, iko kwa wenye kuchaji simu, iko kwenye banda la video, na iko kwenye darasa letu la usiku siku ambazo sola imekosa jua.

Mtasema, walimu wa hesabu na jenereta wapi na wapi? Subirini kidogo. Wazazi wengi wanatuuliza: “Mwalimu, hizo hesabu za uwiano zitamsaidia nini mtoto wetu hapa kambini?” Swali hilo ni la haki, kwani mtoto anayekuja darasani jioni hachoti maji wala hakusanyi kuni. Tunajibu kwa mashine hii.

Mwaka jana kinyozi mmoja wa mtaa wetu alipoteza grupu yake. Siku hiyo alipeleka mtoto kliniki, akamwachia kijana kazi. Kesho yake ilikuwa sikukuu, foleni ya wateja ilifika nje. Mafuta yakaisha. Kijana akakimbia kununua petroli, akamimina ikiwa tupu, bila oili. Injini ikawaka vizuri tu, kijana akafurahi. Baada ya muda ikaanza kulia sauti nyembamba, ikapungua nguvu, ikanyamaza. Kamba ikawa haivutiki tena. Fundi alipofungua tulikuwepo, tukaona kwa macho: pistoni imekwaruzika na kung'ang'ania ndani ya silinda. Nyumba ile ilikaa miezi minne bila pesa ya sabuni, na mama akawa anauza sehemu ya mgao ili apate mboga.

Hatumlaumu kijana yule. Hakuna aliyewahi kumwambia sababu. Na sababu ni hii. Injini ya gari ina mahali pake pa oili, chini kabisa. Injini hizi ndogo za mipigo miwili hazina. Oili yao inakuja pamoja na petroli, inapita kwenye tumbo la injini, inalainisha beringi, pistoni na ringi, halafu inaungua na kutoka kama moshi. Yaani ukiinyima oili ndani ya petroli, umeinyima kabisa, chuma kinasaga chuma.

Watoto wetu wanaotengeneza ndege za makopo na waya walituuliza kama injini ndogo inaweza kurusha ndege ya kuchezea. Ndiyo, inaweza. Kuna vindege vinavyorushwa na watu wazima huko Ulaya na Marekani, na vingi vimetumia injini ya ukoo huu huu, ndogo ya kushikwa kiganjani. Ila vyenyewe havinywi petroli, vinakunywa methanoli iliyochanganywa na oili, mara nyingine oili ya mbarika. Wala havina cheche. Kuna kijiwaya cha platinamu kinachopashwa moto na betri ya volti 1.5 wakati wa kuwasha, kisha betri inaondolewa na kijiwaya kinabaki chekundu kwa moto wa injini yenyewe. Mrushaji anazungusha sindano ya mafuta kidogo kidogo huku anasikiliza sauti. Mafuta yakiwa haba mno, injini inapata joto kali na inaweza kuzima angani. Kwa hiyo ndege ya kuchezea na grupu ya kinyozi zinafundisha somo moja: mafuta, oili na hewa, kila kimoja kwa kipimo chake.

Sasa hesabu yenyewe. Kwenye mashine nyingi za aina hii imeandikwa 50:1. Maana yake sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili. Lita 1 ni mililita 1,000. Gawanya kwa 50, unapata 20. Basi nusu lita ya petroli inataka oili mililita 10, lita 1 inataka 20, lita 2 zinataka 40, lita 4 zinataka 80. Hiyo ndiyo hesabu ya uwiano mtoto anayoandika kwenye daftari! Kama mashine yako imeandikwa namba nyingine, fuata hiyo. Na kama ni mpya, soma kitabu chake, kwani nyingine zinataka oili zaidi kwa saa za mwanzo.

Pimeni kwa bomba jipya la sindano, bila sindano yake, na likishapima oili lisifanye kazi nyingine. Oili iwe ile ya injini za mipigo miwili. Oili chafu iliyomwagwa kwenye gari haifai, na mafuta ya kupikia hayafai. Changanyeni kwenye dumu, mtikise vizuri, ndipo mmimine kwenye tanki. Tena wapo wanaosema, “Ongeza oili tu, ndiyo usalama.” Hapana jamani. Oili ikizidi, moshi unajaa, plagi inalowa, masizi yanaziba bomba la moshi, na mashine inakataa kuwaka.

Juu ya kuwasha na kurekebisha, tunayofanya darasani ni haya. Mashine ikiwa baridi tunafungua koki ya mafuta, tunafunga choki, tunavuta kamba. Ikishashika, choki inarudishwa pole pole mpaka ifunguke yote. Choki ikisahaulika, injini inakunywa petroli nyingi kwa hewa kidogo, inakohoa moshi mweusi. Wakati wa kiangazi vumbi letu mnalijua, kwa hiyo kila wiki tunatoa sponji ya chujio la hewa, tunaiosha kwa maji ya sabuni, inakauka, tunaitia oili kidogo na kuikamua.

Halafu tunasoma plagi, ile buji. Plagi inaongea. Ikiwa na rangi ya kahawa ya maziwa, mchanganyiko ni mzuri. Ikiwa nyeusi na imelowa, mafuta au oili imezidi, au hewa imezibwa. Ikiwa nyeupe, injini inapata joto mno kwa sababu mafuta ni haba: pengine uchafu umeziba jeti ya kabureta, au hewa inapenya kwenye gasketi. Nafasi ya plagi kwenye mashine nyingi hizi ni milimita 0.6 hadi 0.7, fundi ana kipimo chake. Na skrubu ya mwendo msiizungushe kwa hamu ya taa kung'aa. Injini ikikimbia kupita kiasi, umeme unapanda na simu za watu zinaungua. Atakayelipa ni nani?

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko mashine. Moshi wa jenereta una hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, mtu anaumwa kichwa, analegea, anasinzia, na anaweza asiamke. Kwa hiyo hata mvua inyeshe, hata mwaogopa wezi, jenereta isiwashwe ndani ya nyumba, wala jikoni, wala barazani karibu na dirisha. Iwekeni nje, angalau mita 6 kutoka mlango, moshi uelekee mbali na watu.

Na petroli nayo ina hatari zake. Mvuke wake ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini mpaka unakuta moto. Msimimine mashine ikiwa inawaka au bado ni ya moto, wala msimimine usiku kwa mwanga wa koroboi. Nyumba zetu zimebanana, nyingine zina nyasi, moto wa mmoja ni moto wa mtaa. Msiweke petroli kwenye chupa ya soda au ya maji, mtoto mwenye kiu hajui kusoma rangi. Akiinywa, msimlazimishe kutapika. Mkimbizeni zahanati palepale.

Grupu ya darasa letu ilinunuliwa kwa mchango wa wazazi, na wanafunzi wa mtihani wanaitegemea saa mbili kila jioni. Tulipotafuta mtu wa kuchanganya mafuta, vijana wengi waliinua mikono. Mama mmoja naye akainua. Vijana wakacheka, eti mwanamke na grupu! Mama huyo hakumaliza shule, vita vilimkuta darasa la tatu. Akatuambia, “Walimu, nifundisheni kugawa kwa 50, halafu mnijaribu.” Tulimfundisha siku nne. Siku ya tano tukampa kila kijana na yeye lita moja na nusu ya petroli. Vijana wawili walikisia kwa macho. Mama akapima mililita 30 sawasawa, akatikisa dumu, akafunga kifuniko, akaenda kunawa mikono.

Yeye ndiye mtunza mafuta mpaka leo. Ana daftari: tarehe, lita, mililita, saa za kuwaka, siku ya kuosha sponji. Tulimuuliza kwa nini anaandika kila kitu, akasema, “Chumvi ya mboga naipima kwa kidole, kwani ikizidi tunaongeza maji. Hii ikikosewa, watoto wanakaa gizani, na mchango wa pili hatuna.” Kijana yule wa kinyozi sasa anajifunza kwake, na kinyozi amepata mashine nyingine kwa mkopo wa kikundi.

Basi, wazazi wetu, mkituuliza tena hesabu inasaidia nini hapa kambini, tutawapeleka kwenye dumu la mama huyu. Hatujui kesho tutakuwa wapi, nyumbani, hapa hapa, au nchi ya mbali. Popote tutakapokuwa, 1,000 ukigawa kwa 50 itabaki 20.

Kila Jumamosi saa tisa mchana tunafundisha kuchanganya mafuta na kusoma plagi, nyuma ya darasa letu la jioni. Hakuna malipo. Wasichana na akina mama waje pia, tena wakae mbele. Mwenye grupu aje na plagi yake, asiye nayo aje na daftari. Petroli iacheni nyumbani, tunayo ya kutosha somo.