Jiwe la Mlangoni

Katika njia za Berlin pana mawe madogo yaliyofunikwa shaba ya manjano, kila moja sentimita 10 kwa 10, yamepandwa mbele ya milango ya nyumba. Msanii Gunter Demnig aliianza kazi hiyo mwaka 1992, na kufikia 2023 mawe hayo yalikuwa yamepita 100,000 katika Ulaya. Mengi ni ya Mayahudi: baba, mama na watoto waliotolewa majumbani mwao wakapelekwa kuuawa na serikali ya Hitler. Kila jiwe ni la mtu mmoja, nalo laeleza kuwa hapa alikaa fulani. Ili kulisoma hapana budi kuinama.

Nami niliinama mbele ya nyumba namba 193, Brunnenstraße. Jiwe la hapo, lililowekwa mwaka 2007, ni la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam wa mwaka 1904, aliyejulikana Ujerumani kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Katika Vita Kuu ya Kwanza alitumika, angali mtoto, katika jeshi la Wadachi pamoja na baba yake. Mwaka 1929 alifika Berlin, akadai mishahara yao, asilipwe. Akabaki huko, akawa mtumishi wa mkahawani, mchezaji wa filamu, na mwalimu wa Kiswahili. Mwaka 1941 alikamatwa kwa uhusiano wake na mwanamke wa Kijerumani, akatiwa katika kambi ya Sachsenhausen, akafa humo tarehe 24 Novemba 1944.

Kazi yake ndiyo kazi yangu, na machozi yalinilenga. Lakini hayajadondoka nikamkumbuka marehemu bibi yangu, mzaa mama, wa delta ya Rufiji. Baba yake alichukuliwa na askari wa Wadachi mwaka 1916 kwenda kupagaa mizigo ya vita, asirudi. Je, kitukuu cha mpagazi amlilie mwana wa askari?

Nimelipima swali hilo siku nyingi. Jiwe halimtukuzi mtu, wala halihesabu mema na mabaya yake. Lasema tu kwamba alikuwako, akaondolewa kwa dhuluma. Hiyo ni haki ya kila mwanadamu. Nchi iliyomvika sare utotoni ndiyo iliyomvika nguo za mfungwa utu uzimani.

Basi lililonichoma si jiwe lake, bali upungufu wetu. Manowari Königsberg, iliyozamishwa katika delta tarehe 11 Julai 1915, ina jina katika vitabu vingi. Wapagazi wana Kariakoo, mtaa wa Dar es Salaam uliopata jina kwa kambi yao. Lakini ni jina la kundi, si la mtu.

Niliporudi Kibiti nilimwuliza mama jina la babu yake. Alinitazama kwa mshangao.

“Mwanangu, bibi yako alikuwa binti nani?”

Nikalitaja jina kamili la bibi, na katika kulitaja nikajijibu. Maisha yake yote alikuwa amelichukua jina la babaye nyuma ya lake, nami nilimwita Bibi tu. Sisi wajukuu hatulichukui tena. Likikoma kwetu limekoma.

Jina hilo siliandiki hapa, maana mahali pake ni mlangoni. Katika tope la delta jiwe litazama. Kwa hiyo seremala amekwisha pewa ubao.