Jembe Langu Kutoka Handeni

Mama aliupita upesi ukurasa wa masomo katika fomu yangu ya kujiunga na shule. Kwenye ukurasa wa mahitaji alisimama. Aliweka kidole juu ya kila mstari na kusoma kwa sauti: tranka la bati lenye kufuli, godoro la futi mbili na nusu, shuka jozi mbili, blanketi, chandarua, ndoo mbili zenye mifuniko, rimu ya karatasi, kaunta buku, sahani, kikombe, kijiko, mfagio wa chelewa, kwanja, jembe na mpini wake. Alipofika kwenye jembe aliniangalia.

"Hiyo shule ina shamba kubwa kiasi gani, hata kila mtoto aende na jembe lake?"

Ilikuwa mwaka 2024, nami nimechaguliwa kidato cha tano katika shule ya bweni mkoani Kilimanjaro. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilikwisha kufutwa tangu 2016, na katika bajeti ya 2022 Serikali ikafuta ya kidato cha tano na cha sita pia, ile ya shilingi 70,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa bweni. Kwa nyumba kama yetu hiyo ilikuwa nafuu kubwa na nitaishukuru daima. Lakini siku ile, kila kilichokuwa kwenye ukurasa ule kilipokusanywa uani, mama alikaa kwenye kigoda akakitazama, na nilijua anapiga hesabu ya gharama ambayo bajeti haikuigusa: namna ya kuvifikisha vyote huko viendako.

Kwetu ni Kwenjugo, pembeni ya mji wa Handeni ambao wazee bado wanauita Chanika. Hapa kubeba tunakujua. Mtoto wa Handeni, wa kike hasa, anajua uzito wa lita 20 za maji kabla hajajua kuandika jina lake. Maji ya bomba yanatujia kutoka Mto Pangani kupitia mradi wa miaka ya 1970 tunaouita HTM, na ukame ukikaza au mashine zikilala, kila nyumba inarudi kwenye ndoo na ngata. Kwa hiyo uzito wenyewe haukunitisha. Ndoo ya maji, ijapokuwa nzito, ni mzigo mmoja na njia yake ni moja. Mzigo wa mwanafunzi ni vipande vingi, kila kimoja na umbo lake, na njiani unabadilisha gari ukiwa peke yako.

Aliyenifungia mizigo ni baba mdogo. Kwa miaka mingi amepakia magunia ya mahindi kwenye malori, na nilimwona akiizunguka ile mizigo kwa utulivu wa fundi kabla hajagusa kitu. Mpini wa jembe aliuchomoa. Kichwa chake alikifunga kwa gunia kuukuu akakilaza chini kabisa ndani ya tranka, na mpini pamoja na kwanja akavikunja ndani ya godoro. Ndoo moja aliiingiza ndani ya nyingine, vyombo vyote vikakaa tumboni mwake, mfuniko ukafungwa kwa mpira. Vitabu alivitoa kwenye tranka, alikokuwa amevipanga mama, akaviweka kwenye begi la mgongoni.

"Tranka likiwa na vitabu utahitaji mtu wa kulinyanyua kila mahali," alisema, "na kila anayelinyanyua atataka chake. Vitabu vibebe mwenyewe. Tranka libaki la kiasi ambacho unaweza kuliburuta hata kama umebaki wewe na Mungu wako."

Kisha akalikaza godoro kwa kamba ya mkonge, fundo juu ya fundo, akaniachia kitanzi cha kushikia. Sijapata kuona mzigo uliofungwa vizuri kama ule. Watu wanaomtazama mpakizi hugundua nguvu zake tu, ilhali kazi yenyewe ni akili: kujua kipi kitahama gari likipiga kona, kipi kitachubuka na kipi lazima kifikiwe kwanza.

Alfajiri guta lilitufikisha stendi, mama akiwa amekaa juu ya godoro. Kosta ya Korogwe ilikuwa bado inaita abiria. Tranka na godoro vikapandishwa kwenye keria kati ya matenga ya kuku na magunia ya mahindi, ndoo zikawekwa chini ya kiti cha nyuma, begi la vitabu likabaki mapajani mwangu. Mama hakulia. Alinipa fedha ya akiba aliyoifunga kwenye pindo la kanga, akasema, "Shikamoo zako zitangulie kila unapokwenda," akashuka.

Kutoka Handeni hadi Korogwe ni kilometa 65 za lami. Wakubwa zangu walisafiri njia hiyohiyo enzi za vumbi na tope, wakifika shuleni na masanduku yaliyobadilika rangi. Mimi nilipita Misima, nikapita Sindeni, upepo wa asubuhi ukiingia dirishani, na kila gari liliporuka tuta niligeuza shingo kusikiliza kama tranka bado liko juu. Kuna aina ya usafiri ambao huoni njia kwa sababu moyo wako uko kwenye keria. Milima ya Usambara ilikuwa imejitokeza mbele yetu yote, ya buluu, nami niliitazama vizuri pale tu tulipofika kwenye daraja la Mto Pangani, kwa kuwa hapo gari lilipunguza mwendo. Maji yale ya hudhurungi ndiyo tunayoyangoja kwenye mabomba ya kwetu.

Bonde hili limebeba mizigo kwa muda mrefu. Katika karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu ilifuata mto huu kati ya pwani na nchi ya Kilimanjaro, na pagazi mmoja aliweza kutwishwa hadi frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, akitembea nazo kwa majuma. Kisha ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe 1902, Mombo 1905 na Moshi 1911. Mwaka huohuo wa 1893 Mjerumani mwenzao, Richard Hindorf, aliingiza miche ya mkonge kutoka Florida, Marekani. Kati ya miche 1,000 ni 62 tu iliyofika hai, na kutokana na hiyo yakaenea mashamba yanayoonekana hadi leo Korogwe. Kamba iliyolishika godoro langu ilitoka kwenye zao hilo.

Mama alitaka nipande treni. Mwaka 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi baada ya miaka mingi ya kusimama, na inapita Korogwe. Ina behewa la mizigo, na mtu mwenye godoro na tranka hatazamwi kama mkosaji. Ila treni ina siku zake, na siku ya kuripoti shuleni haikuafikiana nazo. Natamani walau wiki ile ya kufungua shule, siku ya treni na siku ya kuripoti zikutane: maelfu ya wanafunzi wanasafiri na mizigo kwa wakati mmoja, kwenye njia inayojulikana, kwa tarehe iliyotangazwa mapema. Sidhani kama kuna abiria anayetabirika kuliko mwanafunzi.

Stendi ya Korogwe niliteremshiwa mizigo haraka, konda akinihimiza, na ghafla nikawa nimezungukwa na vitu vyangu vyote katikati ya watu. Vijana wawili walikwisha kushika tranka wakiniuliza naenda wapi. Niliwajibu kwa adabu kwamba namngoja mjomba. Sikuwa na mjomba Korogwe. Mama mmoja muuza machungwa, aliyekuwa akinitazama tangu nishuke, aliita, "Mwanangu, mjomba wako alisema umngoje hapa kwangu!" Vijana wakaachia.

Nilimwamkia, nikaanza kuhamisha vitu kimoja kimoja huku yeye akilinda vilivyobaki. Nilipoinama kulishika tranka alinizuia.

"Usilinyanyue kwa kiuno. Chuchumaa, lilaze kwenye mapaja, ndipo usimame nalo." Akaikunja kanga yake kuukuu ikawa ngata, akanitwisha. Hatua zilikuwa chache lakini nimeyatumia maelekezo hayo mpaka leo.

Kwenye kivuli cha meza yake nilimkuta mvulana aliyekuwa ametangulia kupokelewa. Naye alikuwa na tranka lenye jina lililoandikwa kwa rangi nyeupe, godoro kwenye nailoni, ndoo mbili. Alitoka Songea. Alikuwa amelala njiani, Dar es Salaam alibadilisha basi, na sasa anangoja gari la kumpeleka shule moja ya wilaya hiihii ya Korogwe. Mpini wa jembe lake ulikuwa umechomoza kwenye godoro kama wangu.

"Na wewe jembe?" aliniuliza.

"Na mimi jembe."

Tulikaa kimya kidogo. Yeye alilibeba kutoka Ruvuma kulileta Tanga, mimi nalitoa Tanga kulipeleka Kilimanjaro. Ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa duka la vifaa, majembe mapya yalikuwa yamesimamishwa kwa safu, bado yana karatasi za kiwandani. Aliniambia kwamba katika basi la Songea alilipia godoro, na Dar es Salaam akalilipia tena. Fedha aliyokwisha kutoa, alisema, ingetosha kununua godoro jingine hapahapa mjini, tena nene.

Sikuelewa vizuri uchungu wa maneno yake mpaka zamu yangu ilipofika. Mabasi ya kwenda Moshi na Arusha yanafika Korogwe yakiwa yamekaribia kujaa. Kiti kimoja hakikosekani. Buti ndilo tatizo. Basi la kwanza, konda alinitazama mimi, akatazama mizigo, akapiga ubavu wa gari liondoke. Jingine likafanya vivyo hivyo. Hatimaye moja lilisimama, na konda wake akataja bei ya tranka na bei ya godoro, kila kimoja peke yake, jumla ikikaribia nauli yangu mwenyewe. Hakuwa na stakabadhi ya mzigo. Yule mama wa machungwa aliinuka kwenye kiti chake akamwambia, "Huyu ni mwanafunzi, baba. Unaona sare." Konda alipunguza kidogo. Nikatoa ile akiba niliyopewa na mama, nikalipa.

Tulipoipita Mombo, kisha Mazinde, nilikumbuka somo la historia. Mazinde ndipo alipokaa Semboja, mwana wa mtawala wa Usambara, Kimweri ye Nyumbai, na kila msafara uliopita bondeni ulilazimika kumlipa ushuru wa njia. Wafanyabiashara wa pembe walikuwa na cha kulipa, maana mwisho wa safari kulikuwa na faida. Mwanafunzi analipia blanketi.

Nilifika shuleni jua likiwa limeshuka. Walimu walitupokea vizuri, na matroni, mwanamke mpole mwenye sauti nzito, alikagua vitu vyangu kwa orodha. Nilikwisha kuurudisha mpini kwenye jembe. Alilichukua, akaweka alama ya vema, akaniambia nikaliweke stoo.

Stoo ilikuwa chumba kirefu. Ndani yake kulikuwa na rundo la majembe linalonifika kiunoni, makwanja yametundikwa ukutani, na fagio za chelewa zilizofungwa ambazo hazijagusa sakafu. Waliomaliza kidato cha sita mwezi Mei walikuwa wameyaacha, kwa kuwa nani atarudi na jembe kutoka Kilimanjaro hadi Kigoma? Kwenye kona kulikuwa na magodoro kadhaa yaliyo mazima. Nililiweka jembe langu juu ya rundo, na wenzangu waliofuata wakaweka yao.

Najua jembe la shule lilikotoka. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka msomi asione haya kushika udongo, na mimi, mtoto wa wakulima wa mahindi, naiheshimu nia hiyo. Wala sina ugomvi na kupangwa mbali: yule mvulana wa Songea kusoma Korogwe na mimi kusoma Kilimanjaro ni jambo jema, na nchi hii imeshikamana kwa sababu vijana wake walilala bweni moja. Lakini shamba la shule linahitaji jembe la shule. Kila Mei majembe yanabaki, kila Julai majembe mengine yanapanda mabasi, na anayelipa katikati ni mama aliyefunga akiba kwenye pindo la kanga.

Wakuu wa shule, ninyi mnaoandika ule ukurasa wa mahitaji: kabla ya kuuchapa, fungueni stoo na mhesabu. Kilichomo kifuteni kwenye orodha. Godoro na ndoo vinavyouzwa kwenye mji wenu, andikeni bei yake ya hapo, ili mzazi wa mbali atume fedha badala ya kumtuma mtoto na furushi. Na wewe mzazi ambaye fomu yako tayari inasema jembe, piga simu shuleni uulize kabla hujalinunua. Namba ya mkuu wa shule iko kwenye fomu hiyohiyo.