Njano ya Njaa na Njano ya Kimyanga

Ndugu mkulima wa mpunga,

Mimi ni bwana shamba katika bonde la Kilombero. Leo tuzungumze juu ya ugonjwa wa kimyanga.

Mpunga ukipata kimyanga, majani hugeuka njano. Mkulima husema, "Mpunga wangu una njaa." Hununua yurea na kuitia shambani. Lakini mpunga haupati nafuu. Namjua mama mmoja aliyeuza mbuzi wawili ili anunue yurea. Alivuna mapepe. Mwaka ule alinunua chakula kama mtu asiyelima.

Mama yule si mjinga. Mpunga wenye njaa nao huwa njano. Lakini njano hizi ni mbili. Njaa huanzia majani ya chini yaliyozeeka, na jani zima hufifia. Kimyanga huonekana kwenye majani machanga. Jani huwa na michirizi ya kijani na njano. Mpunga hudumaa, na masuke hutoka kwa shida.

Kimyanga huletwa na virusi. Ugonjwa huu uligunduliwa kwanza nchini Kenya, karibu na Kisumu, mwaka 1966. Hauna dawa ya kuuponya. Hauji kwa mbegu wala kwa uchawi. Usimshuku jirani yako. Huenezwa na mbawakawa wadogo wanaokula majani, na pia kwa mikono na vifaa vya kazi.

Mzee mmoja aliniambia, "Kwangu huanzia pale nilipoacha machipukizi ya mwaka jana." Hakusoma hayo kitabuni. Aliyaona shambani mwake, na ni kweli. Virusi hujificha katika machipukizi na katika mpunga mwitu.

Basi fanya hivi:

Ng'oa machipukizi na mpunga mwitu kabla ya kuandaa kitalu. Weka kitalu mbali na shamba lililougua. Mche wenye michirizi usiupandikize. Ung'oe, uufukie. Osha mikono na vifaa kabla ya kugusa mpunga mzima. Pandeni kwa wakati mmoja na majirani, maana mbawakawa hajui mpaka wa shamba.

Ndugu mkulima, ukiona njano, usikimbilie dukani. Tazama jani kwanza. Ukiwa na shaka, lilete kwa bwana shamba au bibi shamba wako. Kuuliza si ujinga, na mbuzi wako atabaki zizini.