Saa Sita za Mumbai

Ukimwuliza mtu wa mjini kutoka Dar es Salaam hadi Mumbai ni mbali kiasi gani, atakujibu mara moja: saa sita. Jibu hilo si la uongo. Njia iliyonyooka baina ya viwanja hivyo viwili ina urefu wa kilometa zipatazo 4,700, na Shirika la Ndege la Tanzania lilipoanza safari za huko mwaka 2019, msafiri aliweza kupaa Dar es Salaam na kutua Bara Hindi bila kubadili ndege. Nami nilikuwa nikilitoa jibu hilohilo, mpaka mwishoni mwa mwaka huo nilipomsindikiza dada yangu, mgonjwa wa moyo, kutoka nyumbani kwetu Makambako kwenda kutibiwa.

Tuliondoka kwa basi alfajiri, huku upepo wa Makambako, ambao wewe uliyepata kupita pale unaujua, ukipenya makoti. Mbele yetu zilikuwapo kilometa 660 hivi. Najua utaniuliza kwa nini hatukupandia ndege Songwe, kulikokuwa karibu zaidi. Uwanja huo uko ng'ambo ya Mbeya. Anayekwenda mashariki hana budi aelekee kwanza magharibi, tena alipe nauli ya ndege mara mbili, na mfuko wetu ulikuwa mchango wa ukoo mzima. Basi tukateremka Kitonga, tukapunguza mwendo Mikumi kwa ajili ya wanyama, tukakawia mno Chalinze. Dar es Salaam tuliiona usiku, baada ya saa kumi na mbili na ushei kitini. Siku ya pili tulipumzika kwa mjomba. Ya tatu tukaenda kiwanjani, ambako tulitakiwa kufika saa tatu nzima kabla ya ndege kuruka.

Hewa ya juu ndiyo niliyokuwa nimeihofia, kumbe bure. Hewa ndani ya ndege za abiria hushindiliwa, ila haifikii uzito wa ile ya pwani. Aghalabu hulingana na hewa ya mahali penye mwinuko wa meta 1,800 hadi 2,400. Sasa Makambako yenyewe yapita meta 1,600! Dada, aliyetweta kutwa katika joto la Dar es Salaam, alipumua vyema kabisa juu ya bahari.

"Huku ni kama nyumbani," alisema, "ila hakuna upepo."

Miguu yake sikuitazama. Alikuwa ameifunika kwa kanga tangu ndani ya basi, wala hakulalamika. Ndivyo alivyo tangu utoto wetu.

Tulipotua, saa za huko zilikuwa mbele ya zetu kwa saa mbili na nusu, nami nikashughulika kurekebisha saa yangu ya mkononi. Hospitalini, daktari akauliza mgonjwa amesafiri kwa muda gani.

"Saa sita," nikajibu bila kufikiri.

Dada akataka kujua nimesemaje. Nilipomwambia, akanishika mkono. "Mdogo wangu, mweleze vizuri. Leo ni siku ya tatu."

Nikatafsiri. Daktari akaifunua ile kanga, akabonyeza kwa kidole gumba juu ya kifundo cha mguu, akakiondoa. Kishimo kikabaki palepale. Akarudi mezani, akafuta alichokwisha kuandika.